Magoti ya Ridhaa

Siku mbili baada ya nusu marathoni ya Kilimanjaro nilishuka ngazi za hosteli kinyumenyume, nimeshika ukuta. Waliowahi kukimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza wanaijua hali hiyo: kupanda ni shida ndogo, kushuka ndiko kunakokuumbua. Njia ya mbio ile inatoka Moshi mjini, inapanda kuelekea Mweka, halafu inakurudisha mjini kwa mteremko mrefu. Ni kwenye mteremko huo, kama kilomita ya 14 hivi, ndipo goti langu la kulia lilipoanza kulalamika. Nilikimbia nalo hivyo hivyo hadi mwisho, nikavishwa medali, nikapigwa picha.

Nilimpigia Mama simu nikitarajia pole. Nikapata swali.

"Anayekukimbiza ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu, utayamaliza hayo magoti ungali msichana. Ukifika umri wangu utatumia nini?"

Neno lililonikaa ni hilo, kumaliza. Mama huzungumzia magoti kama anavyozungumzia unga au mafuta ya taa. Kuna kiasi kimewekwa ndani ya debe, kila siku unachota, na siku moja kopo linagonga chini. Wala sauti yake haikuwa ya mtu anayemhurumia mgonjwa. Ilikuwa sauti ile ile aliyoitumia nilipokuwa mdogo, nikichezea chakula sahanini. Hakuniambia kwamba ninaumia. Aliniambia kwamba ninafuja.

Ana haki ya kusema. Ana miaka 61 na magoti yake yamesagika, kama watu wanavyosema. Majirani wa pale kwetu Kibosho wamemwambia ute umekauka, na wamemshauri anywe supu ya makongoro na ale bamia ili ute urudi. Amekunywa supu nyingi. Kinachomuuma zaidi, nadhani, si maumivu yenyewe bali Jumapili. Kanisa zima likipiga magoti wakati wa mageuzo, yeye hubaki amekaa kwenye benchi, kichwa amekiinamisha kuliko wengine wote, kama anayeomba radhi kwa kuwa mrefu.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na nina tabia mbaya ya watu wa fani yangu: neno likinichoma, naenda kutafuta cha kusoma ili nimjibu aliyelisema. Basi nikasoma kuhusu gegedu.

Gegedu la goti ni tabaka jeupe lenye utelezi, unene wake milimita chache tu, linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Sehemu yake kubwa ni maji, kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Halina mishipa ya damu. Halina mishipa ya fahamu pia, na jambo hili lilinishtua kuliko nilivyotegemea, maana yake ni kwamba gegedu lenyewe haliwezi kuuma. Goti linapouma, kinachouma ni mfupa ulio chini yake, au utando unaozunguka kiungo, au kano. Gegedu huchakaa kimya kimya, na habari hutufikia kupitia kwa majirani zake.

Kwa kuwa halina damu, hulishwa na ute wa kiungo. Ukikanyaga, linabanwa na maji yanakamuliwa. Ukiinua mguu, linaachiwa na kunyonya tena, kama sifongo. Ukikimbia nusu saa gegedu hupungua unene kidogo, na ukipumzika hurudi. Kiungo kisichobebeshwa uzito wowote hakitunziki kwa hilo. Watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, kwa mfano, hupoteza unene wa gegedu la magoti ingawa hawachoti chochote kwenye lile debe la Mama. Kwa hiyo debe si mfano mzuri. Hapo nikaanza kufurahi.

Furaha ikaongezeka nilipofika kwenye takwimu. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti zilizogusa karibu watu 115,000 na kuangalia ni wangapi walikuwa na ugonjwa wa kusagika kwa goti au nyonga. Miongoni mwa wakimbiaji wa ridhaa, asilimia 3.5. Miongoni mwa watu wasiokimbia, wanaoishi maisha ya kukaa, asilimia 10.2. Miongoni mwa wakimbiaji wa ushindani, asilimia 13.3. Nikakuta pia kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyoanza mwaka 1984: wakimbiaji 45 na wengine 53 wasio wakimbiaji, watu waliokwisha kufika umri wa utu uzima, wakapigwa eksirei za magoti mara kwa mara kwa karibu miaka 20. Mwishoni magoti ya wakimbiaji hayakuwa mabaya kuliko ya wenzao.

Hata hesabu ya uzito ilikuwa upande wangu. Katika kukimbia, kilele cha mzigo unaoliangukia goti kwa kila hatua hufika karibu mara nane ya uzito wa mwili, wakati katika kutembea ni kama mara tatu. Lakini mkimbiaji hupiga hatua chache zaidi kwa kila kilomita, na mguu wake hukaa chini kwa muda mfupi, kiasi kwamba ukijumlisha mzigo wote wa kilomita moja, anayekimbia na anayetembea wanakaribiana.

Nikamrekodia Mama ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp. Nilimweleza kuhusu sifongo. Nilimsomea asilimia zote tatu, polepole, kama mwalimu. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kushinda.

Alijibu jioni. "Nimesikia. Watu wa ridhaa, watu wa kukaa, na watu wa mashindano. Sasa na mimi niko wapi hapo?"

Nilitaka kumjibu mara moja na sikuweza. Mama hajawahi kukimbia kwa kujifurahisha. Hajawahi kushindana na yeyote. Na kama kuna mwanamke ambaye hajawahi kuishi maisha ya kukaa, ni yeye.

Asiyeijua milima yetu anahitaji maelezo kidogo. Vihamba ni vidogo na vimejaa migomba na kahawa, hakuna pa kuchungia. Ng'ombe hufungwa zizini na majani huletwa alipo. Majani mengi hutoka chini, kuelekea tambarare, na aliyeyakata huyabeba kichwani kupanda nayo mlima. Mama alifanya safari hiyo karibu kila siku kuanzia alipoolewa hadi magoti yalipokataa. Alikuwa na ngata yake ya majani makavu ya mgomba, imebonyea katikati kwa umbo la kichwa chake, haikumkaa mtu mwingine. Siku za soko alibeba ndizi kushuka hadi barabarani kabla hakujapambazuka, apate gari la kwanza kwenda Mbuyuni. Kushuka na mzigo ndiko kubaya, ananiambia sasa. Nami nilikwisha kujua, kwa sababu nilishuka kutoka Mweka nikiwa sijabeba chochote isipokuwa chupa ya maji, na goti likalia.

Neno lenyewe "ridhaa" nilikuwa nimelipita bila kulitazama. Katika michezo tunalitumia kumtofautisha anayecheza bila malipo na anayecheza kwa kazi: ngumi za ridhaa, mbio za ridhaa. Lakini ridhaa ni kukubali kwa moyo. Ni neno la mahakamani na la hospitali, la karatasi unayosaini kabla ya upasuaji. Mkimbiaji wa ridhaa ni mtu anayebeba mzigo alioukubali na anayeweza kuutua. Nikilitazama jedwali lile kwa jicho hilo, asilimia 3.5 ni za watu ambao goti likiuma Jumanne wanalala Jumatano. Asilimia 13.3 ni za watu ambao wana kocha, mkataba, zawadi, na mashindano wiki ijayo. Mama angewekwa wapi? Karibu na hawa wa pili, nadhani, pamoja na wapagazi wa mlimani na mafundi wa vigae na kila mtu ambaye goti lake lina bosi.

Si kwamba sayansi haijawatazama kabisa watu wa namna hiyo. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, walieleza kwamba wanaume ambao kazi zao ziliwataka kukunja magoti na kutumia nguvu walipata zaidi ugonjwa wa magoti uzeeni. Lakini nilipotafuta habari za wanawake wanaopanda mlima na majani kichwani, nilichokipata ni kidogo mno ukilinganisha na rundo la karatasi juu ya watu kama mimi, tunaovaa viatu vya bei na kuulizana mwendo wa kilomita. Tuna methali inayosema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeisikia mara mia. Sijawahi kusikia methali juu ya gharama ya kuinama.

Tulikwenda hospitali pamoja, mimi na yeye, tukaingia chumba kimoja. Daktari alinitazama mimi kwanza. Aliniuliza nakimbia kilomita ngapi kwa wiki, kwenye lami au vumbi, viatu vina muda gani, maumivu huanza kabla au baada ya kupasha mwili moto. Aliandika yote. Kisha akamgeukia Mama, akamuuliza umri. "Ni umri huo, Mama. Punguza mwili kidogo, na usibebe vitu vizito." Daktari hakuwa mkorofi, na ushauri wake ni sahihi, vitabu vinasema hivyo hivyo. Ila mimi nilikuwa na historia na Mama alikuwa na umri. Kwenye korido Mama alisimama kupumzika, akashika mgongo wa benchi.

"Amesema nisibebe," akasema. "Hakusema nani abebe."

Kuna utafiti mwingine ambao sikumtumia Mama, na ndio ulionifanya niandike makala hii. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio, hadi mkataba wa 1963 ulipozuia. Milipuko ile ilikaribia kuongeza maradufu kiasi cha kaboni-14 katika hewa ya dunia nzima. Kaboni hiyo iliingia katika mimea, kutoka mimea ikaingia katika wanyama na watu, na tangu hapo imekuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua kipande cha mwili, akapima kaboni hiyo, na kukadiria kilijengwa mwaka gani. Mwaka 2016 watafiti nchini Denmark walifanya hivyo kwa magegedu ya magoti ya watu waliozaliwa miaka tofauti. Walikuta kwamba kolajeni, yaani nyuzi zinazolishikilia gegedu kama nguzo za nyumba, ilikuwa na kaboni ya miaka ambayo mtu huyo alikuwa anakua. Baada ya hapo karibu hakuna kipya kilichoongezwa, hata katika magoti yaliyokwisha kuugua.

Nililisoma mara mbili. Maji huja na kwenda, ute huja na kwenda, lakini nyuzi ni zile zile ulizojengewa utotoni. Mwaka 1743 daktari William Hunter alikwisha kuandika huko London kwamba gegedu likiharibika halirudi. Hawa wa Denmark walieleza sababu moja kwa kutumia masalia ya mabomu. Kwa hiyo Mama hakukosea kabisa juu ya debe. Kuna kitu ndani ya goti ambacho kiliwekwa mara moja.

Na kiliwekwa na nani? Mimi nilikua kwa mtori, ndizi, maharage, na maziwa ya ng'ombe yule wa zizini. Kaboni iliyomo katika nyuzi za magoti yangu ilitoka katika chakula hicho, haikuwa na njia nyingine ya kuingia. Ilitoka katika majani yaliyopanda mlima juu ya kichwa cha Mama. Sisemi hivi kama shairi. Ni hesabu ya kaboni tu: sehemu ya nyuzi za goti langu ilikatwa kwa mundu huko chini, ikabebwa, na aliyeibeba alichakaza goti lake kwa kuileta.

Darasani tunamsoma Derek Parfit. Katika kitabu chake cha 1984, *Reasons and Persons*, anamzungumzia kijana anayeanza kuvuta sigara huku akijua huenda ikamtesa miaka mingi baadaye. Parfit anapendekeza kwamba yule mzee wa baadaye tumwone kama mtu mwingine, na kwamba kumtesa yeye si ujinga tu bali ni kosa, kama ilivyo kosa kumtesa jirani. Mwanzoni niliona hoja hii inamfaa Mama. Swali lake, "utatumia nini?", ni kama swali la wakili wa bibi kizee ambaye bado hajazaliwa, na ambaye atakuwa mimi.

Lakini Parfit anatazama mbele tu. Anauliza nina wajibu gani kwa atakayeyarithi magoti haya. Kwetu kuna swali la nyuma pia: nina wajibu gani kwa aliyeyajaza? Tena hata huko mbele hayupo bibi kizee peke yake. Mama aliposhindwa kuteka maji, ndoo haikubaki bila kubebwa. Ilihamia kwa binamu yangu wa miaka 13. Goti la mtu mmoja likifa mlimani, mzigo wake hugawanywa kwa magoti ya wengine, na mara nyingi ni ya wasichana.

Hata hivyo sidhani kwamba deni linanitaka nikae. Anayekununulia viatu hawezi kukuchagulia kila njia utakayopita navyo. Mama hakubeba majani ili magoti yangu yawekwe kabatini na kufutwa vumbi. Na ushahidi ninao: kwa kiasi ninachokimbia mimi, kwa mtu mwenye magoti mazima, hakuna dalili kwamba kukimbia ni kuyachoma moto. Kama Mama angesema mbio zote ni ufujaji, ningembishia hadi leo.

Tatizo langu ni zile kilomita saba za mwisho. Takwimu ninazojivunia zina tundu ambalo nililiona mapema na kulinyamazia: watu ambao magoti yao yaliwasumbua waliacha kukimbia, wakatoka kwenye kundi la wakimbiaji. Asilimia 3.5 ni ya waliobaki, na wengi wamebaki kwa sababu wanajua kusimama. Haimlindi mtu anayekimbia juu ya maumivu. Goti lililowahi kuumia ndilo lililo katika hatari zaidi baadaye, na hilo hakuna anayelibishia. Mimi kwenye kilomita ya 14 nilikuwa na ridhaa yote duniani. Pembeni ya barabara kulikuwa na watu wa huduma ya kwanza. Ningeweza kukaa chini ya mti, nikanunua muwa, nikapanda bodaboda. Nikaendelea, kwa ajili ya medali na picha. Mama akiwa na majani kichwani katikati ya mlima hakuwa na nafasi ya kusimama, ng'ombe alikuwa anasubiri na ada yangu ilikuwa inasubiri. Mimi nilikuwa nayo, nikaamua kujifanya sina, na nikaiita hali hiyo ujasiri. Swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa sahihi kuliko majibu yangu yote. Hakuna aliyekuwa ananikimbiza.

Nimerudi kukimbia, kilomita tano, mara tatu kwa wiki, na goti likisema kitu nasimama. Kusimama kunanipa aibu kuliko nilivyodhani. Wenzangu wa klabu ya jogging hupita wakinipigia makofi ya kunitia moyo, jambo linaloongeza aibu.

Pasaka nilikwenda nyumbani. Masika yalikuwa yameanza na njia ilikuwa ya utelezi. Mama ameandikiwa kutembea nusu saa kila siku, na hilo linamchekesha hadi machozi: miaka 40 ametembea, sasa anaandikiwa kutembea kama dawa. Hata hivyo anatembea. Jumamosi nilimsindikiza. Nilikuwa na simu inayohesabu hatua na kilomita, akataka kuiona.

"Imehesabu ngapi?"

"Kilomita moja na nusu, Mama."

Akaishika mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake. "Na mzigo inauandika wapi?"

Nikatafuta. Kuna mahali pa kuandika uzito wa mwili, urefu, umri, mapigo ya moyo, usingizi. Nikamwambia hakuna. Akanirudishia simu bila kusema neno. Tulipofika kwenye mteremko wa mtoni akanishika mkono, tukashuka kwa upande, mguu mmoja mmoja, na kila tulipofika kwenye jiwe kubwa tulisimama.